Maisha ya Apolo Kaggwa, Katikiro wa Buganda, Aliyeziandika Habari za Kale

Si muda mrefu uliopita tulimzika mama mmoja mkongwe hapa Buganguzi. Nanyi mwajua desturi yetu, kwamba kabla ya kwenda kaburini mtu wa nyumbani husimama mbele ya watu na kueleza habari za marehemu, yaani alizaliwa na nani, wa ukoo gani, na mama yake alitoka wapi. Siku ile akasimama mjukuu wake, kijana msomi mwenye adabu. Akalitaja jina la babu yake, akataja mwaka wa ubatizo wa marehemu, kisha akanyamaza. Hakuujua ukoo wa mama yake bibi yake, wala hapakuwa na mtu wa kumnong'oneza. Wale ambao wangemfundisha, baba yake na shangazi zake, wamelala chini ya migomba ile ile, nao walizikwa kabla yeye hajajua kusoma.

Sina haja ya kuwaeleza sababu. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi ya Tanzania walitambuliwa katika hospitali ya Ndolage, katika nchi yetu hii ya Muleba, na katika miaka iliyofuata kulikuwa na nyumba nyingi ambamo walisalia vikongwe na watoto tu. Sisi tulio na miaka arobaini na zaidi ndio watoto wale. Mara nyingi tumehesabu mashamba yaliyoachwa na yatima walioachwa, lakini sijasikia mtu akihesabu habari zilizopotea.

Basi nilipotoka mazikoni nikamkumbuka mtu mmoja, ambaye jina lake lilijulikana sana kwa wazee wetu wa Buhaya, maana Wakristo wa kwanza wa Kiinjili wa upande huu waliisoma Injili kwa Kiganda kabla ya wamisionari wa Betheli kufika Bukoba mwaka 1910. Mtu huyo ni Apolo Kaggwa, Katikiro wa Buganda. Yeye aliona nchi yake ikipatwa na misiba mitatu au minne mmoja juu ya mwingine, naye akaandika. Si mtu asiye na hatia, na nitawaambia hayo pia.

Apolo Kaggwa alizaliwa karibu na mwaka 1865 katika ukoo wa Nsenene. Hapa najua kwamba wasomaji wangu watacheka, kwa kuwa senene ndio wale ambao sisi huwangoja kwa hamu wakati wa mvua na kuwakaanga. Watu wa ukoo ule hawawali kabisa. Ndio mwiko wao, na kwa mwiko huo wanajuana popote waendapo. Kijana huyu aliingia katika nyumba ya Kabaka kuwa mtumishi, kama walivyofanya vijana wengi waliotumainiwa na jamaa zao. Huko ndiko alikokutana na wasomaji, maana hivyo ndivyo walivyoitwa watu waliokwenda kwa wamisionari: hawakuitwa waamini wala waongofu, waliitwa wasomaji. Wajumbe wa Kiingereza walifika mwaka 1877, na mwaka uliofuata akaja Alexander Mackay, fundi wa vyuma na mbao. Alikuwa na mtambo mdogo wa kupiga chapa, akachonga na herufi kwa mikono yake. Vijana wa nyumba ya mfalme wakashangaa kuona kwamba neno likiisha kutiwa wino haliwezi tena kubadilishwa na mtu mwenye sauti kubwa.

Kabaka Mutesa alikufa mwaka 1884, akatawala mwanawe Mwanga. Mwaka 1886 hasira ya Mwanga ikawaka juu ya wasomaji, Waprotestanti na Wakatoliki pamoja, na tarehe 3 mwezi wa Juni wengi wakateketezwa kwa moto huko Namugongo. Kaggwa alipigwa vibaya siku zile, lakini maisha yake yakaachwa, kwa kuwa alikuwa mtumishi hodari na Kabaka alimhitaji. Wenzake wa rika lake wakafa. Nadhani mtu aliyeokoka namna hiyo huishi akijua kwamba kumbukumbu za wenzake zimewekwa mikononi mwake, akitaka asitake.

Mwaka 1888 wasomaji wa dini zote wakamwondoa Mwanga. Baada ya wiki chache Waislamu wakawafukuza Wakristo, na nyumba za wamisionari zikanyang'anywa. Kaggwa na wenziwe wakakimbilia upande wa Ankole, wakakaa huko kama wageni. Mjini akatawala Kalema, naye kwa hofu ya kupinduliwa akawaua wana wa mfalme, wanaume kwa wanawake. Naomba msomaji asipite hapa upesi. Katika Buganda binti wa mfalme hakuwa pambo tu. Kila Kabaka aliyekufa alikuwa na nyumba yake ya kaburi, na taya lake lilihifadhiwa humo, limepambwa kwa ushanga na simbi. Katika nyumba hiyo aliwekwa binti wa mfalme mwenye cheo cha Nalinya, na mzee mwenye cheo cha Katikiro, na walinzi wa koo mbalimbali kwa zamu. Hao ndio waliojua Kabaka yule alimzaa nani, alipigana na nani, mama yake alikuwa wa ukoo gani. Hapakuwa na kitabu. Kitabu kilikuwa ni watu wale wanaolinda kaburi. Basi walipouawa wana wa mfalme, haikumwagika damu peke yake.

Wakristo wakarudi na jeshi mwaka 1889. Kiongozi wao Nyonyintono, Mkatoliki, akauawa vitani, na Kaggwa akashika mahali pake, akawa Katikiro, yaani mkuu wa nchi chini ya Kabaka. Alikuwa hajatimiza miaka 25. Mji ulitekwa, ukapotezwa, ukatekwa tena mwaka 1890. Kisha mwaka 1892 Waprotestanti na Wakatoliki, waliotoroka pamoja na kurudi pamoja, wakapigana wao kwa wao pale Mengo, na kanisa la Wakatoliki la Rubaga likateketea. Mwanga akakimbilia upande wetu wa Bukoba, na Askofu Hirth naye akahamia huku, ndiyo maana mwaka ule ule ikaanzishwa misioni ya Kashozi. Wazee wetu waliziona ngalawa za wakimbizi. Tangu 1890 pia ilikuwa imeingia sotoka, ikala ng'ombe wa Ankole na Karagwe na Buganda hata nchi za malisho zikanuka mizoga, na baada ya sotoka njaa na ndui.

Mwaka 1897 Mwanga aliasi, akashindwa, akakimbia tena upande wa Wadachi. Mtoto wake Daudi Chwa, mwenye umri wa mwaka mmoja, akawekwa kuwa Kabaka. Watu watatu wakachaguliwa kushika utawala kwa ajili yake: Kaggwa, na Stanislaus Mugwanya Mkatoliki, na Zakaria Kisingiri. Ndipo kazi ninayotaka kuisimulia ikaanza.

Sijui kama mwaweza kuifikiri hali yake. Alikuwa na nchi nzima mikononi, na Waingereza wanataka mapatano, na machifu wanagombana juu ya mipaka, na mfalme yuko mgongoni mwa mlezi. Mtu wa namna hiyo hutafuta usingizi, hatafuti historia. Lakini Kaggwa akaanza kuwaita wazee. Akawaita walinzi wa makaburi ya wafalme, na wakuu wa koo, na watu waliotumika chini ya Suna, babu yake Mwanga, waliokuwa wamebaki wachache. Akawaketisha, akauliza, akaandika. Alipomaliza na mmoja akamwita mwingine na kumuuliza jambo lile lile. Speke, Mwingereza aliyepita Buganda mwaka 1862, aliondoka na orodha ya wafalme wanane tu. Kaggwa akapata zaidi ya 30, tangu Kintu hata Mwanga, pamoja na mama zao na makaburi yao na vita vyao.

Kitabu chake cha wafalme kilitoka mwaka 1901, na katika chapa zilizofuata akaongeza wafalme wa nchi jirani, Bunyoro na Koki na Toro na Ankole. Akaandika kitabu cha ukoo wake wa Nsenene, na kitabu cha hadithi za Baganda. Mwaka 1905 kikatoka kitabu cha desturi: jinsi ya kuoa, kuzika, kujenga nyumba ya mfalme, kulipa kodi, jinsi vyeo vilivyogawanywa. Na mwaka 1912 kitabu cha koo, kila ukoo na mwiko wake, na mlio wa ngoma yake, na mashina yake, na majina ya wakuu wake. Vyote aliviandika kwa Kiganda. Alikuwa amekwenda London mwaka 1902 kuhudhuria sherehe ya kutawazwa kwa Mfalme Edward, akifuatana na mwandishi wake Ham Mukasa, akaona jinsi Wazungu walivyohifadhi vitabu na vitu vya baba zao. Angeweza kuwaandikia wao kwa lugha yao, nao wangemsifu. Akawaandikia watu wake.

Wakati ule ule msiba mwingine ulikuwa umeingia, mkubwa kuliko vita. Mwaka 1901 waganga wa hospitali ya Mengo, ndugu wawili wa jina la Cook, walitambua kwamba wagonjwa waliokuwa wakiletwa kutoka ufuko wa ziwa walikuwa na malale. Mwaka 1903 ikajulikana kwamba ugonjwa ule huletwa na mbung'o. Hata kufika mwaka 1920 walikuwa wamekufa watu zaidi ya 200,000 katika nchi ya Uganda, wengi wao wakiwa watu wa ufuko na visiwa. Profesa Robert Koch, Mdachi, alipiga kambi katika visiwa vya Ssese mwaka 1906 na 1907 akijaribu dawa. Serikali ikaamuru ufuko uhamwe, na baadaye visiwa. Ssese ndiko kulikokuwa na nyumba ya Mukasa, mungu wa ziwa, ambaye wazee wetu walimwita Mugasha. Ndiko walikokaa mafundi wa mitumbwi ya kushonwa na wajuzi wa pepo na mawimbi. Watu wakachukuliwa bara, wakafa huko au wakachanganyika na wengine, na walioachwa kuwa wajuzi hawakuwa na mitumbwi ya kuwafundishia watoto. Kwa hiyo kitabu cha koo cha 1912 kilipotoka, miji mingi iliyotajwa ndani yake ilikuwa pori.

Alimsaidia pia John Roscoe, mmisionari wa Kiingereza, aliyekuwa akikusanya desturi za Baganda. Wazee walikutana nyumbani kwa Katikiro pale Mengo, nyumba ya ghorofa iliyowashangaza wageni, nao wakasimulia na Roscoe akaandika; kitabu chake kikatoka mwaka 1911. Roscoe alipata na masalio ya Kibuuka, aliyeabudiwa na Baganda kuwa mungu wa vita. Hekalu lake huko Mawokota liliteketezwa wakati wa vita vya dini, lakini vitu vingine viliokolewa motoni. Roscoe akavipeleka Cambridge, vikakaa katika nyumba ya makumbusho, na mwaka 1962 vikarudishwa Uganda. Watu wengine husema Roscoe aliviokoa, wengine husema aliviondoa. Mimi naona kwamba yote mawili ni kweli.

Na sasa nafika pale nilipoahidi. Ni nani aliyeichoma Buganda ya kale? Si Kalema peke yake, wala si mbung'o. Wakuu wa Kikristo wa siku zile, na Kaggwa alikuwa mkuu wao, walivunja nyumba za mizimu na kuwafukuza makuhani wake. Waliona kwamba hawawezi kuujenga ufalme mpya na miti ya zamani. Mimi ni mchungaji, nami sitawaambia kwamba ilikuwa heri makuhani wale waendelee kupokea sadaka zao. Lakini katika nyumba zile zilikuwamo dawa za kienyeji, na hesabu za miezi, na nyimbo, na majina ya watu, na moto haukuchagua. Kaggwa alijua hivyo. Katika kitabu chake cha desturi aliandika habari za mizimu ile kwa utaratibu, majina na makao na kazi za kila mmoja, bila matusi. Mkono ulioruhusu kuvunjwa ndio ulioandika kilichokuwamo. Nimewaza sana juu ya jambo hilo, maana hata katika sharika zetu wako waalimu wa kwanza waliotupa enanga mtoni kwa kuwa zilipigwa penye pombe, na baadaye wana wao wakatamani kusikia sifa za Bakama zilizoimbwa kwa enanga zile.

Tena iko habari ya ardhi. Katika Mapatano ya mwaka 1900 Waingereza waliwapa machifu na watu wakubwa 1,000 maili za mraba 8,000 za nchi kuwa mali yao, na Kaggwa na wenziwe ndio waliosimamia ugawaji. Lakini katika nchi ile yalikuwamo makaburi ya koo, ambayo wakuu wa koo, yaani Bataka, waliyalinda tangu zamani. Mengi yakaangukia mikononi mwa wageni. Baada ya Vita Kuu ya kwanza Bataka wakaungana na kulalamika, na katika miaka ya 1920 serikali ikafanya uchunguzi. Fikirini: mtu aliyeandika kila ukoo umezikwa wapi ndiye aliyelaumiwa kwamba aliwaondoa wenyewe makaburini pao. Wengine walisema pia kwamba vitabu vyake vinampendelea mfalme na wakuu, na kwamba koo nyingine hazikuandikwa sawasawa. Lawama hizo hazikuwa bure. Mwandishi aliyekuwa Katikiro aliambiwa na wazee yale ambayo mzee hapendi kumficha Katikiro, na hakuambiwa yale ambayo mzee huogopa kumwambia.

Hata hivyo matengenezo yakaja kwa njia ile ile. Koo zilizoona zimekosewa zikaandika majibu. Wakatoliki walianza gazeti lao la kila mwezi, Munno, mwaka 1911, na humo wazee wa koo wakapeleka habari zao na kubishana na Katikiro juu ya mababu. Wanasema ugomvi huvunja nyumba, lakini ugomvi huo uliwafanya watu waandike waliokuwa hawajapata kushika kalamu. Huku kwetu pia wakatokea watu wa namna hiyo, na wa kukumbukwa zaidi ni Francis Xavier Lwamgira wa Kiziba, aliyeandika kwa Kihaya habari za Kiziba na Bakama wake, kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1949. Sisi wa Ihangiro tumekaa tukikisoma kitabu cha Kiziba na kusema kwamba mambo ya kwetu yalikuwa tofauti, bila kuandika yalikuwaje.

Mwaka 1905 Mfalme wa Uingereza alimpa Kaggwa cheo cha Sir. Daudi Chwa alipokua na kushika utawala wake mwaka 1914, Kaggwa aliendelea kuwa Katikiro. Lakini siku zake za mwisho hazikuwa za amani. Alikuwa amezeeka, hakupenda kuamriwa, na maafisa vijana wa Kiingereza hawakuzijua siku ambazo yeye alisimama katikati ya moto. Wakakosana, hata juu ya vibali vya kuuza pombe, jambo dogo lililokuwa na jambo kubwa ndani yake, yaani ni nani anayetawala. Mwaka 1926 akajiuzulu baada ya kuwa Katikiro kwa muda wa miaka 37. Mwezi wa Februari mwaka 1927 akafa Nairobi, mbali na nyumba yake. Mwaka ule ule kitabu chake cha wafalme kilipigwa chapa mara ya tatu.

Karatasi zake, barua na madaftari, zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Makerere, na watu wa mataifa mengi huzisoma. Na katika Buganda, watu wa ukoo wakibishana juu ya shina fulani, bado hufungua kitabu cha 1912, wengine wapate kukitumia kuwa shahidi na wengine wapate kukionyesha makosa yake.

Baada ya mazishi niliyowaeleza nilirudi kwa yule kijana na daftari la shule, nikamwomba aende kwa wazee waliosalia, Buganguzi na Nshamba na ng'ambo ya mto, akaulize kama Kaggwa alivyouliza, jambo moja kwa watu wawili au watatu. Alikwenda kwa miguu, wakati mwingine kwa pikipiki. Mzee mmoja alimfukuza akidhani anatafuta shamba. Mwingine, kipofu, alimshika mkono na kumtajia majina hata jua likachwa. Ukoo wa mama yake bibi yake ameupata. Kwa upande wa baba ameandika majina saba, na juu ya la nane wazee wawili wamempa majina mawili tofauti. Ameyaandika yote mawili.